Yale ambayo wasifu wa bibi yako haukusema

Sengerema, Agosti 2025

Mwanangu,

Huku hatujambo. Mguu wa baba yako umeanza kunywea, anatembea hadi kisimani na kurudi. Wageni wa msiba wamekwisha kuondoka, imebaki sufuria moja ya jumuiya ambayo haijulikani ni ya nani.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza tena leo nikiwa peke yangu. Mara ya kwanza shangazi yako alikuwa amekaa pembeni, nikajifanya simu imegoma. Unauliza, "Mama, yule waliyemsoma msibani ni nani?" Nami nilikuwa nimekaa pale chini ya turubai nikijiuliza hivyohivyo. Nakujibu kwa maandishi, nachapa kidogo kidogo kwenye simu, kwa sababu mambo mengine ya ukoo huu hayasemeki kwa sauti ndani ya nyumba yenye kuta nyembamba.

Usiwalaumu. Wasifu uliandikwa saa nane usiku, na katekista alikuwa ameshasema dakika tatu tu, padri ana maziko mengine mchana. Wakaandika kama wanavyoandikiwa watu wote: marehemu alizaliwa mwaka 1932 wilayani Kwimba, aliolewa, alijaliwa watoto watano, ameacha wajukuu na vitukuu, alikuwa mcha Mungu, mpole, mpenda watu wote. Mcha Mungu, nakubali. Kupenda watu wote, hapana, alikuwa na orodha. Na huo upole nilioishi nao uani miaka thelathini na ushee bila kuuona, sijui waliukuta wapi.

Hiyo 1932 ni makubaliano kati ya baba yako na karani wa vitambulisho vya taifa. Bibi mwenyewe alijua jambo moja: vijana wa kwao walipochukuliwa kwenda vita vya Hitla, wengine wakafika hadi Burma, yeye alikuwa tayari anatumwa maji na mtungi mdogo. Hesabu ikaanzia hapo. Karani akataka na tarehe, baba yako akampa Julai mosi. Bibi akamgeukia mwanawe mbele za watu: "Julai? Mama yangu angepata wapi nafasi, pamba iko shambani?" Karani akaandika hivyohivyo.

Kwao ni upande wa Ngudu. Huko, wakati yeye anapevuka, watu walikuwa wamejaa, ng'ombe wamejaa, udongo umechoka. Serikali ya mkoloni ikaanzisha mpango wake wa maendeleo ya Usukuma kuanzia 1947, na sehemu kubwa ya mpango huo ilikuwa kufyeka mapori ya mbung'o huku Uzinza, Geita ya wakati ule, ili watu wahame wapunguze msongamano. Ndiyo maana mzee yeyote wa hapa kijijini ukimuuliza asili atakutajia Kwimba au Maswa, na Wazinza wenye nchi yao wanatusikiliza tu. Babu yako alikuwa kwenye wimbi hilo. Ng'ombe walizungushwa kwa miguu upande wa kusini, kule mkono wa ziwa unakokwisha. Bibi, bi harusi wa msimu mmoja, alivushwa hapo Busisi kwa mtumbwi pamoja na vyungu na kuku. Hakuwa amewahi kuona maji ambayo ng'ombe hawezi kuyamaliza. Alilala chini ya mtumbwi akafumba macho, akamtapikia mpiga kasia, naye walipofika akamdai kuku mmoja wa fidia. Huyo kuku alimtaja hadi mwaka huu. Alisema kutapika ni kweli alitapika, lakini kuku alikuwa mtetea, na tapishi moja halifikii mtetea.

Ukimjua kwa kisa hicho umeshamjua nusu. Bibi yako alikuwa mtu wa hesabu tangu kabla hajajua tarakimu.

Wasifu ulisema watoto watano. Alizaa tisa. Wawili waliondoka kwa surua msimu mmoja, mmoja kwa degedege, na mmoja hakumaliza wiki. Novemba, parokia inapopokea majina ya marehemu wa kuombewa, aliandika yote manne, hata lile la yule wa wiki moja, ambaye babu yako alishikilia kuwa hakupewa jina. Alikuwa nalo. Mama yake alimpa peke yake, usiku, na hakuomba ruhusa ya mtu. Baadaye akaongeza la baba yako mdogo, yakawa matano. Nilipomsikia msomaji anasema "watano" nilimtazama baba yako, naye akatazama viatu vyake. Najua aliwahesabu walioishi hadi kuwa watu wazima, na huo ndio utaratibu. Wewe andika tisa.

Mambo ya ukoloni alikuwa hayasimulii kama mnavyoyasoma vitabuni. Alichokumbuka ni matuta. Bwana shamba alipita akikagua. Shamba lisilo na matuta ya kuzuia maji lilikuletea faini, na ng'ombe walihesabiwa ili wapunguzwe. TANU nayo ilikuwa imepigwa marufuku Usukuma kwa miaka kadhaa. Mwaka 1958 watu wa Geita walipochacha wakaenda Mwanza kulalamika, babu yako alikuwa kwenye msafara, na bibi ndiye aliyemfungia michembe, vile viazi vitamu vikavu, ya njiani. Nilimuuliza kama alikuwa anaunga mkono siasa. Akasema alikuwa anaunga mkono mtu asilale njaa kwa sababu ya siasa.

Sasa pamba. Nyumba ya kwanza ya bati katika boma hili ilitoka kwenye pamba, miaka ile ushirika umesimama. Victoria Federation, muungano wa vyama vya ushirika vya pamba, ilianzishwa 1955 ikiongozwa na Paul Bomani, na kwa watu wa huku ilikuwa mara ya kwanza mkulima mweusi kuwa na mizani yake na viwanda vyake vya kuchambulia. Lakini ndani ya nyumba mambo yalikuwa vilevile. Mwanamke alipanda, alipalilia, alichuma, alikaa usiku akitenga pamba safi na pamba fifi. Siku ya mizani mwanaume ndiye aliyeshika kitabu. Bibi alikuwa anabeba mtumba wa pamba kichwani na shingo yake inamwambia uzito. Karani wa mizani anasema uzito mwingine. Hakuwa na la kusema, kwa sababu ile sahani yenye sindano kwake ilikuwa picha tu.

Ndipo ikaja elimu ya watu wazima. Mikoa hii ya ziwa ndiyo iliyofanyiwa majaribio na UNESCO kuanzia 1968, makao makuu yake yakiwa Mwanza, na mwaka 1970 Mwalimu Nyerere akautangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Kisomo cha hapa kilikuwa chini ya mwembe wa shule, jioni, na kitabu chao kilifundisha herufi kwa kilimo cha pamba. Wenzake walisoma ili wasome barua za wanao na Biblia. Yeye alikwenda na mtoto mgongoni ili amkamate karani. Alinieleza hivyo bila aibu. Herufi alizivumilia, tarakimu alizimeza. Msimu uliofuata alisimama kwenye foleni ya mizani yeye mwenyewe, babu yako amekaa kivulini amejiinamia, na sindano iliposimama akaisoma kwa sauti kabla karani hajafungua mdomo. Akafanya hivyo kwa mtumba wake, halafu akafanya kwa mtumba wa mwanamke aliyemfuata, na wa mwingine. Hakumtukana mtu. Karani yule jina lake nalijua ila nalimeza, ana wajukuu.

Mtihani wa kisomo wa 1975 alifuzu, cheti kilifungwa ndani ya khanga hadi panya walipokipata. Kilichobaki ni daftari.

Umeliona lile daftari, au angalau umeliona jalada lake, maana hakuna aliyeruhusiwa kulifungua. Siyo moja, likiisha alihamishia madeni kwenye jipya, yaliyolipwa akayaacha yafe na la zamani. Ndani kuna kila punje iliyowahi kutoka kwenye kihenge chake cha nafaka na kila iliyoingia. Nakunakilia mistari miwili mitatu uone: "Mama wa mwembeni, mtama debe 1, msiba wa baba yake. Amerudisha nusu, imetosha." "Fundi bati, michembe, hana mke." "Mwenyekiti, mahindi debe 2, njaa. Bado. Bado." Hilo neno "bado" linarudiwa kwa kalamu tatu za rangi tofauti.

Kihenge chenyewe kina historia. Operesheni Vijiji ilipofika 1974, waliambiwa wahame kutoka kwenye boma lao la minyaa kule bondeni waje kupangwa kwa mistari huku barabarani. Lori likaja. Wengine walibebwa na vitanda, chakula kikabaki nyuma kikaliwa na mifugo. Bibi alikataa kupakiza kitu chochote kabla ya kihenge, na kihenge alikataa kukimwaga kiingie kwenye magunia, maana magunia yangehesabiwa na kila mwenye macho. Wanaume wakakitia miti chini wakakiinua kizima kama jeneza la mfalme. Dereva alipiga honi mpaka akachoka. Mwaka ule na uliofuata nchi ilikula mahindi ya msaada. Boma hili lilikula mtama wake, na watu waliotoka mistari mingine walikula humo pia. Walioandikwa.

Vita vya Kagera vilimchukua mdogo wake wa mwisho na kumrudisha mzima, kwa hiyo hakuna hadithi.

Mimi nililetwa hapa 1988. Mwalimu mwenye mshahara, Mkerewe, nimelelewa kwa ugali wa muhogo na samaki, sijui kukamua. Alinipokea vizuri mbele za watu. Jioni akanipimia unga kwa kibakuli chake, mbele ya wifi zangu, kama mtoto anayetumwa dukani. Mwisho wa mwezi nikanunua gunia langu la unga nikaliweka chumbani. Hakusema kitu, ila salamu ikapungua: "Mwangaluka" yangu ilijibiwa kwa kikohozi msimu mzima. Mpaka leo naona nilikuwa na haki. Mwanamke mzima, anayefundisha watoto mia, hawezi kupimiwa unga. Lakini nakusimulia na upande wa pili, maana yeye hayupo wa kujitetea. Miaka ya tisini mwanzoni mishahara yetu ikawa inachelewa, mwezi unakatika, wa pili unakatika, gunia langu likawa kiroba, kiroba kikawa vumbi. Asubuhi moja nikakuta debe mlangoni. Hakugonga. Nikala, watoto wakala, likaja la pili. Mshahara ulipotoka akaniita akafungua daftari: "Mwalimu, debe mbili na nusu." Alinidai, mwanangu! Mkwe wake, mama wa wajukuu zake! Nikalipa yote. Akapiga mstari kwa rula yangu mwenyewe niliyoitafuta wiki nzima, na kuanzia siku hiyo sikupimiwa tena unga. Niliingia ghalani nikijisikia.

Kuhusu samaki tulibishana hadi mwisho. Nilipokuwa mdogo Ukerewe furu walikuwa wengi kiasi cha kutokuwa na bei. Sangara aliyepandikizwa ziwani na wakoloni akawamaliza karibu wote, na miaka ya tisini viwanda vya minofu vikasimama Mwanza, minofu ikaenda Ulaya na sisi tukauziwa mapanki, vichwa na mifupa iliyobaki. Mimi nilinunua, mwalimu ana bajeti yake. Bibi alilitazama lile fuvu la samaki kwenye sufuria akaliuliza nyama yake imekwenda wapi. Hakuligusa. Alikula dagaa, na sato akipatikana.

Sasa nifike pale ambapo wasifu uliruka kwa makusudi.

Umekua ukiona jiko la kuni la bibi lina dirisha kubwa kuliko la sebuleni. Hukuwahi kuuliza. Lilikatwa 1994.

Babu yako alifariki 1991. Alipozikwa, ndugu yake mmoja (sitamwandika, watoto wake mnasalimiana) akaanza kusema majaruba ya mpunga kule mbugani ni ya ukoo na mjane hana ukoo. Bibi akakataa kutoka. Ikapita miaka mitatu ya maneno. Halafu surua ikapita kijijini, mtoto wa jirani akafa. Wakaenda kupiga ramli, na mganga akawaambia ni mwanamke mzee, mlango wake unatazama machweo, macho yake mekundu. Milango inayotazama machweo hapa ni mingi. Lakini majaruba yaliyokuwa yanagombewa ni ya mlango mmoja.

Macho yake yalikuwa mekundu kweli. Ya nani yasingekuwa? Miaka zaidi ya arobaini amekaa kwenye jiko lisilo na tundu, kuni mbichi wakati wa mvua, samadi kavu wakati kuni hakuna, na juu ya moto dari ya michembe inayokaushwa. Wazee wengi wa Usukuma waliuawa kwa macho hayo, kwa mapanga, usiku, na mara nyingi nyuma ya ramli ulikuta shamba au ng'ombe. Miaka ile ilikuwa habari ya kawaida, mtu anaisikia redioni huku anachambua mchele. Nakuandikia hili kwa sababu wewe ni mtu wa vitabu, na kuna siku mtu atakuambia huko ni imani za watu wasiosoma. Yule aliyeyataka majaruba alikuwa amesoma.

Dada yake bibi alimtumia ujumbe kutoka Kwimba akimwambia akimbilie kwenye makazi ya wazee ya Bukumbi, ng'ambo pale, ambako wanawake waliotuhumiwa kama yeye walikuwa wanapata pa kulala. Akajibu kwamba ghala halihami mara mbili. Sungusungu walipoitisha mkutano, yeye mwenyewe akaenda, amevaa kitenge cha WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, na daftari kwapani. Nilikuwepo. Ntemi, mkuu wa sungusungu, akamuuliza anasema nini juu ya maneno yanayozunguka. Akafungua daftari akaanza kusoma. Alisoma polepole, kama alivyofundishwa chini ya mwembe, kidole chini ya kila neno. Jina, debe, mwaka. Alianza na mwaka ule wa vijiji, akaingia njaa ya 1984, ile ya unga wa yanga, wa mahindi ya njano, akafika kwenye majina ya waliokaa mstari wa mbele. La ntemi lilikuwemo. La yule ndugu wa babu yako lilikuwemo mara nne. Kisha akafunga akasema: "Kama mimi ni mchawi, basi uchawi mmeula miaka ishirini. Urudisheni, nikauroge kwingine."

Watu walicheka. Kicheko kilimsaidia kuliko utetezi wowote. Mama wa yule mtoto hakucheka, na bibi alimwona. Kesho yake akaenda kwake peke yake akakaa chini, na najua alimtajia wawili wake wa surua, kwa sababu yule mama ndiye aliyekuja kuniuliza majina yao.

Lakini nisikudanganye kwamba daftari ndilo lililomwokoa. Baba yako na ndugu zake walilala nje na mapanga hadi mpunga ukavunwa. Bibi alikuwa na watoto wa kiume watatu wazima na mkwe mwenye kujua kuandika barua kwa mkuu wa wilaya, nami niliiandika. Wapo waliokuwa wema kuliko yeye, wasiomdai mtu hata kibaba, ambao hawakuwa na kijana wa kulala mlangoni. Huwa nawakumbuka watu wanaposema Mungu alimlinda.

Mimi kazi yangu ilikuwa macho. Nilimpeleka hospitali, daktari akasema moshi na vikope, akampa dawa ya kupaka, akauliza jiko lina madirisha mangapi. Fundi akaja kutoboa ukuta. Bibi alipinga kwa hoja: moshi ndio unaofukuza wadudu kwenye michembe, ukiutoa mtakula unga wa wadudu. Ilikuwa hoja ya kweli, michembe ya mwaka ule iliingia wadudu, na akahakikisha naipika mimi.

Mwaka 1996 MV Bukoba ilipozama, tarehe 21 Mei, karibu kabisa na kufika Mwanza, alikuwemo binti wa dada yake. Serikali ilitaja watu 894 waliokufa. Wengi wamezikwa kwa pamoja pale Igoma na binti huyo ni miongoni mwao. Tangu hapo bibi alivuka ziwa pale tu alipolazimika.

Baba yako mdogo alifariki 1998, mvuvi wa kambini Kome, mkewe akamfuata kabla ya mwaka. Msibani walisema "kwa kuugua kwa muda mrefu", nawe sasa ni mtu mzima unajua maana yake. Wale watoto watatu uliokuwa unadhani ni ndugu zako wa tumbo moja hadi ulipofika darasa la tatu, ndio hao. Bibi aliwachukua akiwa na umri ambao wengine wanachukuliwa wao. Hakuwahi kuwaita yatima, na mtu akiwaita hivyo mbele yake alimkatia maziwa ya mgando. Kwenye daftari ukurasa wao hauna tarakimu. Yameandikwa majina matatu tu, na ukurasa mzima uko wazi.

Daraja la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa, Juni 19 mwaka huu, kijiji kizima kilikwenda kushangaa. Kilomita tatu juu ya maji. Sisi tuliokuwa tunakaa kwenye foleni ya kivuko saa moja, saa mbili, na mgonjwa kwenye gari, tunajua thamani yake. Baada ya siku chache kaka yako akampakia bibi kwenye gari wakavuka na kurudi, dakika chache tu kila upande. Tulisubiri aseme neno la baraka. Akauliza, "Wale wanawake wanaouza samaki na mayai kwenye foleni, foleni ikiisha watamuuzia nani?" Kaka yako hakuwa na jibu. Mimi pia sina, na nimepita pale Jumamosi, meza nyingi ziko tupu.

Alikwenda Julai, asubuhi, amekwisha kunywa uji na kulalamika kwamba hauna chumvi. Hakuugua. Hapo wasifu ulisema kweli.

Sasa lililonifanya niandike leo badala ya kungoja likizo yako. Kwenye daftari la mwisho, kurasa chache kabla mwandiko haujaanza kuyumba, ameandika: "Mtamba mwekundu, wa mjukuu aliyeko China. Asiuzwe." Huyo mtamba ana mimba. Baba yako na shangazi yako wamekubaliana auzwe ili kaburi lijengewe na kuwekwa vigae, maana kaburi la mama wa katibu kata lina vigae. Bibi alishasema, nasi sote tumemsikia, kwamba vigae ni vya watu wanaooga; yeye afukiwe kwa udongo na mawe, minyaa ipandwe pembeni.

Mimi ni mkwe. Nikifungua mdomo juu ya ng'ombe wa ukoo, shangazi yako ataniuliza mahari yangu ilikuwa ng'ombe wangapi, na unajua haikuwa nyingi, Wakerewe hatukuwa na bei. Wewe ni damu yao. Mnada ni Jumatano. Andika kwenye grupu la familia kabla ya hapo, anza kwa kumsalimia baba yako mkubwa, halafu shangazi, ndipo useme la mtamba. Picha ya ukurasa huo nimekutumia asubuhi. Iweke tu, usiongeze maneno mengi, mwandiko wanaujua. Barua hii usiitaje.

Mama yako